Mkaguzi Kwenye Maua ya Miplamu

Kajitani Hirobumi alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni, na ukaguzi ulikuwa umemwingia mwilini. Kwa miaka arobaini alipita mabehewani akiwatazama abiria viatu kwanza, kisha mikono, kisha macho, na kabla hajafungua kinywa kuomba tiketi alikuwa keshajua nani kalipa na nani anajifanya kasinzia. Wakubwa wake walimsifu kwamba hakosei. Sifa hizo zilimharibu. Mtu akisifiwa miaka yote kwa kutowaamini watu, hajui aishie wapi, na Hirobumi hakuishia popote. Alimkagua muuza samaki. Alimkagua daktari wake wa meno. Hata kadi za salamu za mwaka mpya alizikagua moja moja mezani, ajue nani kamwandikia kwa mkono wake na nani kachapisha tu kwa mashine.

Sasa mtu wa namna hiyo, amebakiza wiki tano astaafu, mkewe akamwambia jioni moja huku akimwongezea wali:

"Baba Natsuki, Jumapili twende Asakubo tukaone miplamu."

Natsuki, binti yao wa pekee, alikuwa ameolewa mbali kaskazini miaka tisa iliyopita, lakini wazazi wake hawakuwa wamejitafutia majina mengine ya kuitana. Hirobumi aliweka vijiti vyake vya kulia chini.

"Sisi wawili?"

"Humu ndani umeona wa tatu?"

"Si huwa unakwenda na wenzako wa darasa la kupanga maua?"

"Mwaka huu nimekualika wewe. Kama hutaki sema, wali usipoe."

Hakusema hataki. Machale yalikuwa yamemcheza. Kila Februari, kwa miaka kumi na mmoja, Fusae alikwenda kuona miplamu ya Asakubo akarudi jioni na boksi la keki za mchele, na hata siku moja hakuwahi kumwambia mumewe waongozane. Mumewe naye hakuwahi kuomba. Imekuwaje leo? Hapa pana jambo, alijiambia Hirobumi, akala wali wake bila kujua umekolea au haukukolea.

Pale chumba cha mapumziko cha wakaguzi kulikuwa na kisa kilichosimuliwa kama mzaha. Mwenzao Onodera alirudi nyumbani kutoka kwenye sherehe yake ya kustaafu, shada la maua mkononi, akakuta mezani karatasi ya talaka ya ofisi ya kata, mke keshajaza upande wake na kupiga muhuri. Kilichobaki ni muhuri wa Onodera. Kisa hicho kiliposimuliwa wazee walicheka, halafu ghafla kila mmoja akawa na shughuli yake. Hirobumi hakuwahi kucheka. Tuseme ukweli: aliogopa kuachwa. Aliogopa hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba hofu yenyewe aliiona ni sehemu ya akili yake timamu, na hakumwambia mtu, sembuse Fusae mwenyewe.

Badala ya kumwambia, alipekua. Wiki ile alifungua droo mbili na mifuko ya koti la mkewe. Aliambulia risiti moja, ya plasta za vidonda kutoka duka la dawa huko Asakubo, na tarehe yake ilikuwa ya Novemba. Alisimama nayo kando ya kabati. Miplamu haichanui Novemba. Akairudisha risiti mfukoni ilivyokuwa, ikiwa imekunjwa vile vile, akaenda kuoga.

Jumapili kulikuwa na jua, lakini la kudanganya watu, maana baridi ilikuwa inapenya hadi kwenye mbavu. Fusae alitoka na begi zito na viatu vya kutembelea. Hirobumi alivitazama viatu. Vilikuwa bado vipya juu, lakini visigino vimelika upande mmoja, kama vya mtu aliyetembea sana kwa muda mfupi.

"Viatu vimekufanya nini?" aliuliza Fusae.

"Sijasema kitu."

"Macho yamesema."

Stesheni waliingia upande wa reli ya kampuni nyingine, siyo ile ya Hirobumi, na hapo ndipo, baada ya ile risiti, alipopata jambo la pili la kushuku. Jukwaani Fusae hakutafuta ubao wa kuonyesha treni. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye alama ya behewa la tatu, mlango wa nyuma, akasimama. Hirobumi alijipanga nyuma yake. Walipofika Asakubo mlango ule ule ulifunguka mbele kabisa ya ngazi. Kazi yake ilikuwa imemfundisha kwamba jambo hilo hulijua mtu wa kila siku. Anayekuja mara moja kwa mwaka hushukia popote, akatembea jukwaa zima huku anashangaa.

"Umebahatisha mlango," alisema, akimtega.

"Enhe," alijibu Fusae, akamtazama kidogo, kama anayengoja kitu. Kisha akapanda ngazi.

Bustani iko kwenye mteremko juu ya mto, ina miplamu kama mia tatu, mingine myeupe, mingine ya waridi, na michache myekundu sana ambayo watu hupenda kuipiga picha. Nani asiyejua tofauti yake na maua ya Aprili, yale ya micheri? Aprili watu hutandika mikeka, wakalewa, wakaimba ovyo. Kwenye miplamu watu huvaa skafu, wakatembea taratibu, wakisogeza pua kwenye tawi. Fusae alisogeza pua. Hirobumi alisogeza macho, na macho yake hayakuwa na haja na maua. Yalitafuta mwanamume.

Walikuwepo wengi, na hilo ndilo lililomtesa. Wazee wastaafu wenye kofia na kamera kubwa, kila mmoja na miguu yake mitatu ya chuma, wametega mbele ya ua moja kama wavuvi. Mmoja, mrefu, mwenye skafu ya kijani, alivua kofia Fusae alipopita. Fusae akainama kidogo.

"Yule nani?"

"Simjui. Kaniamkia, nimemwitikia. Ulitaka nimnunie?"

"Mbona kavua kofia?"

"Muulize yeye. Kichwa si chake?"

Hirobumi aligeuka kumtazama yule mzee mara tatu. Mara ya tatu mzee alikuwa anajipiga makofi mabegani apate joto, na hakuwa na habari na mke wa mtu. Hilo halikumtuliza. Mtu mwenye hatia, alijiambia, ndiye hasa anayejifanya hana habari.

Mbele kidogo mke na mume vijana walikuwa wanaonyeshana ndege mdogo wa kijani aliyekuwa akinyonya maua kichwa chini. Kijana alikuwa anamwambia mkewe kwamba huyo ndiye yule ndege maarufu aimbaye majira ya kuchipua. Hirobumi hakuweza kuvumilia. Aliwafuata akawaeleza kwamba siye, kwamba yule mwimbaji ana rangi ya majani makavu na hajitokezi, na kwamba huyu ana duara jeupe machoni, watazame vizuri. Vijana wakashukuru kwa adabu, furaha yao imekatika. Fusae alimvuta mkono wa koti.

"Hata ndege humwachi bila tiketi," alisema.

Walikula kwenye benchi lililokuwa juani. Fusae alipofungua mkebe wa chakula, mumewe aliinama kukagua. Humo ndani kulikuwa na matonge ya wali yenye plamu ya chumvi katikati, mayai ya kukunja yenye sukari, kuku wa kukaanga, mizizi ya yungiyungi iliyokatwa nyembamba na kutiwa pilipili. Kila alichokipenda kilikuwepo, na alichokipenda Fusae hakikuwepo hata kimoja. Hirobumi alikula polepole. Kilikuwa kitamu sana na alikila kama mgonjwa. Hiki ni chakula cha kumuaga mtu, alijiambia.

"Mbona umepika vyote hivi?"

"Ulitaka nusu?"

Akamtazama tena kwa namna ile ya kungoja. Hirobumi alikuwa na maswali manne kichwani, la Novemba likiwa la kwanza, na hakutoa hata moja. Alijipangusa mdomo akauliza kama kuna chai.

Chai ilikuwa kwenye kibanda karibu na lango la chini, na huko alipata la tatu. Mama muuza chai, mnene, mwenye aproni nyekundu, alimwona Fusae kutoka mbali akafurahi.

"Bi Fusae, leo mapema. Nikupe ile ile yako?"

Kisha akamwona mwanamume nyuma yake. Akafunga mdomo, akaanza kupangusa kaunta ambayo haikuwa na hata tone la maji.

"Mbili," alisema Fusae. "Huyu ni mume wangu."

"Oho. Karibuni. Baridi leo, eti?" alisema yule mama, na tangu hapo hakumtazama Hirobumi usoni.

Hirobumi alikunywa chai ya plamu na chumvi, ikamwunguza ulimi. Bi Fusae! Si Bi Kajitani, kama anavyoitwa na majirani, na benki, na mwenye duka la mkate aliyemjua kwa miaka ishirini. Katika mji huu mkewe alikuwa na jina lake mwenyewe tu, na jina la mumewe hakuna aliyelihitaji. Na ile ile yako! Chai ya kuonja mara moja kwa mwaka haiwi ile ile yako. Alitamani kumbana yule mama kama abiria, aanze na jina na kituo alichopandia.

Walipokuwa wanarudi juu walipita hekalu dogo la mungu wa elimu, yule ambaye miplamu ni miti yake. Wanafunzi walikuwa wamepanga foleni na mama zao, maana ni majira ya mitihani. Kando kulikuwa na fremu ya kutundikia vibao vya maombi, vibao vya mbao vyenye ukubwa wa kiganja, mamia, vimebebana. Fusae aliinamisha kichwa mbele ya hekalu kama mtu anayempita jirani. Halafu jicho lake likaenda upande wa kushoto wa fremu, chini, likarudi haraka. Ilikuwa mara moja tu, lakini alikuwa na mkaguzi pembeni. Asiye na tiketi hufanya hivyo hivyo: hutazama pale alipoficha kitu.

Walitembea hatua kama mia hivi. Hirobumi akasema anakwenda chooni.

Kusoma vibao vya watu si kosa, kwa kuwa vimetundikwa hadharani, lakini mtu mzima hasimami hapo akavipekua kimoja kimoja. Hirobumi alivipekua. Aliinama upande wa kushoto, chini, akavigeuza kwa kidole gumba kama anavyogeuza tiketi. Naomba nipite chuo cha uuguzi. Naomba mwanangu apate hesabu. Naomba nisiumwe tumbo siku ya mtihani. Msichana mmoja aliyekuwa amekuja kutundika chake alimtazama, akaenda kutundika mbali. Hirobumi aliona aibu na hakuacha.

Cha kumi na tisa au cha ishirini kilikuwa na mwandiko wa nyumbani kwake. Ule mwandiko wa orodha ya sokoni, mstari wa mwisho wa kila herufi ukivutwa mrefu kidogo. Aliutambua kabla ya kuusoma, na nusura asiusome.

"Mwaka jana niliomba nifaulu mtihani wa kibali cha kuuza dawa. Nimefaulu. Asante sana. Naanza kazi Aprili. Naomba miguu yangu ivumilie kusimama. Fusae, miaka sitini na mmoja. Asakubo, mtaa wa pili, Nyumba ya Kobai, chumba namba 203."

Alisoma mara ya pili, na macho yalikwama kwenye anwani. Kila mtu huandika jina na mahali anapoishi, ili baraka zisije zikabisha mlango wa mwingine. Mtu mwingine Hirobumi angemshuku kwamba kadanganya. Fusae, hapana. Huenda alimficha mumewe mengi, lakini miungu hakuwahi kuificha hata punje. Natsuki alipokuwa mdogo na homa imempanda, Fusae aliahidi hekalu la mtaani chupa ya pombe ya mchele akipona, kisha akasahau, akakumbuka siku ya kimbunga. Aliipeleka siku hiyo hiyo, mwavuli umepinduka, akarudi amelowa chepechepe. Mwanamke huyo hakuweza kumwandikia mungu mahali asipoishi.

"Choo kiko upande ule," alisema Fusae nyuma yake.

Hirobumi hakugeuka. Kibao kilikuwa bado mkononi.

"Ni nani?" aliuliza.

"Nani nani?"

"Huyo mwanamume."

Fusae alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na raha. "Hayupo, baba Natsuki. Pole. Angekuwepo ungepata mtu wa kumkamata."

"Umepanga chumba."

"Tangu Novemba. Nimelipia kwa mshahara wangu wa kibarua pale duka la vyakula. Siku zako za zamu ya jioni nakuja huku, nasoma, nanywa chai pale kwa yule mama. Yeye hajawahi kuniuliza nimetoka wapi wala nimechelewa wapi."

"Unalala kwetu kila siku. Hapa umeandika unaishi huku."

"Kwetu nalala," alisema Fusae. "Kuishi, naishi huku."

Alisema polepole, bila hasira, na hilo lilimkata maini Hirobumi kuliko ambavyo hasira ingeweza. Alikirudisha kibao kwenye ndoano yake. Kamba ilikataa kuingia mpaka Fusae alipomsaidia.

"Nimekuleta leo nikuambie," alisema mkewe. "Wiki nzima nilitafuta pa kuanzia. Nikaacha risiti kwenye koti, nikasema ataniuliza. Nimekusimamisha kwenye mlango wa behewa la tatu, nikasema hapa lazima ataniuliza, ni treni, ni mambo yake. Umenitazama viatu."

"Niliogopa utakalojibu."

"Najua. Lakini mtu akikaguliwa miaka thelathini na sita, anachoka. Hata kama tiketi anayo."

"Ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo siku zote."

Wanafunzi walipiga makofi mawili ya kuomba mbele ya hekalu, wakainama. Hirobumi alitaka kusema kwamba yeye pia hakuwahi kumtazama mwanamke mwingine, kwamba mayai yalikuwa matamu, kwamba hajui mashine ya kufulia inawashwaje. Lililotoka ni jingine.

"Karatasi umeshaichukua? Ile ya kata?"

"Sijaichukua. Sijui kama nitaichukua, usinibane kwa hilo. Ninachojua ni kwamba Aprili nitakuwa huku."

Basi Hirobumi akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ujana wake. Alikwenda kwenye dirisha la hekalu, akatoa sarafu ya yeni mia tano, akanunua kibao. Aliazima kalamu iliyofungwa kwa kamba pale mezani. Fusae alisimama kando yake, mikono mifukoni, pua imekuwa nyekundu kwa baridi. Hakusogea karibu wala hakuondoka.

Aliandika jina: Kajitani Hirobumi. Akaandika miaka sitini na minne. Ombi aliruka, maana hakujua lianze vipi, akasema moyoni atalirudia. Kalamu ilipofika mahali pa anwani ikasimama. Watu wawili nyuma yake walikuwa wanaingojea meza.

"Mama Natsuki," alisema, "anwani niandike ipi?"

Kazini alizoea kuuliza akiwa tayari ana jibu. Safari hii hakuwa nalo, na uso wake ulikuwa mtupu kabisa, kama uso wa abiria anayejipapasa mifuko yote. Fusae aliuona. Ilionekana wazi kwamba jibu linamuuma.

"Yako," alisema.

Hirobumi akaandika. Kata, mtaa, namba ya nyumba, kwa herufi zile za kazini ambazo kila mtu anaweza kuzisoma. Tangu jioni ile ya wali alikuwa na shaka, asubuhi na jioni, na sasa hakuwa nayo hata chembe, na angetoa chochote arudishiwe shaka hiyo.